Titani

Mwalimu Nanyanje kaandika ubaoni: TITANI.
Ni Kigiriki, akasema. Watoto wa Mbingu na Ardhi.
Baba yao ndiye aliyewabandika, kwa hasira,
jina la kuwasuta: nyie wajikazao,
mnaojinyoosha kufikia yasiyowahusu.
Kisha wakatupwa chini, chini kabisa, giza likakomewa.

Nasi wa Mtapaia tukacheka. Chini tunapajua.
Tendaguru iko nyuma ya mihogo yetu.
Huko walichimbua mjusi, paja lake refu kumshinda mwalimu,
wakampa jina hilo la miungu walioshindwa,
wakampakia melini, akaenda Ulaya kusimama.

Ila mfupa haukutembea wenyewe hadi Lindi.
Siku nne kwa miguu,
kata ya majani utosini, juu yake jiwe lililokuwa mbavu,
na chini ya yote shingo ya Mtopela, babu yake bibi.
Daftarini waliandika: pagazi.

Nikanyoosha mkono.
Mwalimu, aliyejikaza ni yupi,
aliyelala udongoni
au aliyembeba?

Kengele ikalia. Hakujibu.

Jumatatu neno lilikuwa bado ubaoni.
Chini yake, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto:
Mtopela.