Breki ya Angani

Juu ya kasha wameandika: si ya watoto.
Haya. Nina miaka hamsini na mbili,
na mikono iliyounganisha mabehewa stesheni ya Tabora
tangu mpwa wangu Mihayo hajazaliwa.
Yeye ndiye kaniachia kompyuta hii isiyo na betri,
akaenda Urambo kupima tumbaku.
"Mjomba, mle hakuna ardhi. Usitafute pa kukanyaga."

Saa sita usiku, Isevya kimya.
Nagusa kitufe kama anayeonja chumvi,
mwanaanga wangu anaondoka,
anaondoka tu,
hakuna upepo wa kumpunguza, wala nyasi za kumshika,
hadi kichwa kinagonga tangi la oksijeni
na anarudi kinyumenyume, akizunguka kama pia.
Jina la kabila langu lina mwezi ndani yake,
lakini babu hakuniachia maelekezo.

Mara ya nne nikaitambua kazi yangu.
Hili ni behewa! Tani arobaini, reli kavu,
halisimami kwa kuambiwa simama.
Ukitaka litulie, anza kulibembeleza ukiwa bado mbali.

Hadithi yenyewe: rubani na mtalaka wake,
wamebaki wawili chomboni.
Anamtafuta chumba kwa chumba,
na kila chumba kina sauti yake aliyoirekodi:
*Ulisema utarudi kabla ya chai.*
Wanapokutana, vifungo vinafunguka kabla ya vinywa,
shati linaelea,
lakini kila busu linawasukuma, huyu huku, yule kule.
Mkono mmoja ushike bomba, mwingine ushike mtu.
Nimeshindwa mara saba.

"Bomba kwanza."
Kalunde, kitenge begani.
Sijui kasimama hapo tangu lini.
Wiki tatu tumesemezana "chumvi" na "ufunguo", basi.
Nikatafuta gazeti la kufunika kioo,
yeye akavuta kigoda.
"Unamwendea kwa kasi mno. Kawaida yako."

Nikampa kipanya.
Akapuliza gesi kidogo. Akangoja.
Sikujua mchezo ule una kungoja.
Yule mwanamke akaanza kuja, polepole,
nywele zake zikitangulia,

umeme ukakatika.

Gizani goti lake lilikuwa juu ya langu.
Kule yadini mtu alikuwa akigongesha mabehewa, vibaya.
"Luku ina namba?" akauliza.
"Ninayo kwenye simu," nikasema.
Sikuinuka.