Nepi Ishirini na Nne

Zilikuja ndani ya boksi la ndizi, Jumanne,
mikononi mwa Bi. Morfudd wa nyumba ya pili.
Hakuingia. Viatu vyake vilikuwa chapachapa.
"Zihesabu," alisema. "Ishirini na nne.
Na usizianike juu ya jiko, zitakuwa mbao."

Mimi ni fundi wa reli. Nimekaza nati gizani,
mvua ikinipiga mgongoni kama mdai wa deni,
nikadhani mraba wa pamba hauwezi kunishinda.

Zifue mara tano kwanza, aliagiza,
pamba mpya haijui kunywa, hufundishwa.
Basi mashine ikanguruma usiku kucha
kama mtu anayesafisha koo
kwa hotuba asiyoitoa.
Eluned, mshono wake bado mbichi,
alishika tumbo: "Gwilym, usinichekeshe, nitafumuka."

Nilijifunzia kwenye mkate.
Kunja mara tatu, tandaza mkia kama feni,
pitisha katikati, pini kushoto, pini kulia.
Mkate ulipendeza. Mkate haukurusha mateke.

Mabli alirusha.
Siku yake ya tisa duniani, na tayari mbishi,
aliningoja nifungue ya zamani kabla sijaweka mpya,
akanikojolea hadi kwenye kiwiko,
mkojo wa moto, mdogo, usio na haya.
Vidole viwili kati ya pini na ngozi:
achomwe baba, asichomwe mwana.
Nilichomwa mara saba.
Mara ya saba sikusema
lile neno nililolisema mara sita.

Na ndoo!
Siku ya tatu niliinua kifuniko,
nikawakumbuka kwa heshima
wanawake wote wa ukoo wangu.

Hapa Blaenau mvua haianzi, kwa kuwa haijakoma.
Milima ya vigae vyeusi inang'aa kama mgongo wa samaki,
kamba ya uani inadondosha matone tu.
Tukazitundika jikoni, kwenye fito za darini,
tukala viazi chini ya vitambaa vyeupe
kama taifa lililosalimu amri
mara ishirini na nne.

Usiku wa nne nilikwenda dukani kimyakimya,
nikanunua pakiti ya zile za kutupa,
nikaificha nyuma ya gunia la viazi.
Saa tisa alfajiri nikamkuta Eluned hapo, peku,
mkono ndani ya pakiti.
Hatukuulizana.

Jumapili jua likatoka kwa dakika arobaini.
Mtaa mzima ulimwagika nje na vikapu,
mashuka, soksi, pazia la mtu fulani.
Nilianika za kwangu kwa safu, madoa juu,
nikaona manjano ikififia polepole
kama aibu ya juzi.

Nikahesabu. Ishirini na tatu mpya.
Moja kuukuu, laini kama sikio,
na kwenye pindo vitobo viwili vya pini,
vimezungukwa na kutu.
Miaka kumi na moja nimeishi ukuta kwa ukuta na Bi. Morfudd.
Sijamsikia akitaja mtoto.

Kesho yake niliitumia hiyo.
Nikambeba Mabli hadi mlango wa pili,
eti naomba vibanio vya nguo.
Alifungua, akatazama, hakunipa vibanio.
Alipitisha kidole kimoja kiunoni mwa mtoto,
chini ya pindo, taratibu, kushoto hadi kulia,
akakiacha pale kwenye kutu.

"Umekaza sana," alisema.
Akafungua pini,
akalegeza, upana wa kidole,
akafunga tena.
Hakuangalia mikono yake hata mara moja.