Ndi ya Sita

Kabla ya mikanda tulikuwa na kamba,
ile ya katani iliyofungia magunia ya tende,
na kanga mbili kuukuu,
moja kushoto, moja kulia,
na mimi, Muhenna, nikijiona fundi.

Kutoka Ibra hadi hospitali ya Maskati
kiti cha mama kilicheza nyuma ya gari
kama jino la mtoto.
Kila kona kilishika njia yake.
Mama hakusema. Alikamata chuma cha dirisha,
na nilipomtazama kwenye kioo
alijifanya anahesabu milima.

Kiwiko kilipovimba
ndipo nilipojua alichokuwa akihesabu.

Shaji wa Ghala, gereji ya nyuma ya duka la matairi,
alinitolea visanduku vinne,
kila kimoja hakizidi kopo la maziwa.
"Hivi tu?"
Mimi nilitaka minyororo. Nilitaka kitu kizito
kinachofanana na hofu yangu.
Akavuta ulimi wa mkanda, akauachia:
ukarudi ndani wenyewe, kama kobe na kichwa chake.
Akapiga magoti kwenye sakafu ya Haisi,
akanifundisha kwa Kiarabu chake cha kuokoteza
na changu chenye lafudhi ya Ng'ambo:

mbili mbele, mbili nyuma,
ndoano kwenye fremu, kwenye mfupa wa kiti,
si kwenye gurudumu, gurudumu kazi yake kukimbia,
si kwenye pa kuwekea miguu, hapo pananyofoka.
Mkanda ushuke kwa mshazari,
kama mtu aliyetanua miguu asisukumwe.
Kisha wa tano, wa mama mwenyewe,
ulale juu ya nyonga, usipande tumboni,
ukatize bega, usiguse shingo.
"Kiti kina wake, mtu ana wake," alisema Shaji.
"Usichanganye."

Mama akatutazama, mmoja baada ya mwingine.
"Mnanifunga kama mbuzi wa Idi?"

Sikuwa na jibu. Shaji hakuelewa, akatabasamu.
Lakini mikono iliyoshona kofia za viua
miaka arobaini haikai kimya mbele ya uzi.
Akainama, akaudonoa mkanda kwa ukucha,
akasikiliza.
"Huu wa nyuma umelegea. Kaza."
Nikakaza. Ndi.
Akadonoa tena. "Haya. Huu sasa ni mshono."

Jumatatu moja, mteremko wa Wadi Al-Aqq,
barabara inapojikunja na mwamba kufunga macho,
ngamia.
Amesimama katikati, anatafuna.
Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili.
Birika la kahawa likaruka. Vikombe vikaruka.
Tende zikamiminika mpaka chini ya pedali.
Kiti hakikusogea hata upana wa kidole.
Mama alikuwa na kofia mapajani,
na sindano, wallahi,
ilikuwa bado ndani ya lile ua.

Mimi ndiye niliyekutana na usukani.
Mkanda wangu nilikuwa nimeufunga nyuma ya mgongo,
nimeukalia, ili gari lisinipigie kelele.
Damu ikashuka kwenye nyusi.
Ngamia akavuka taratibu, kama aliyeijenga njia mwenyewe.

Kimya.
Kisha sauti kutoka nyuma, kavu:
"Mbuzi wa Idi mzima.
Mchinjaji ndiye anayevuja damu."

Akanirushia kitambaa cha kofia, kile ambacho hakijamalizika.
Kina doa mpaka leo. Amekataa kukifua.

Sasa, usiku wa kuamkia safari,
nafyonza mchanga kwenye reli za sakafu,
maana mchanga wa huku huingia popote,
hata kwenye kitasa kilichofumba mdomo.
Alfajiri nampandisha, nachutama, nafunga.
Ndi. Ndi.
Nazunguka nyuma. Ndi. Ndi.
Wa kwake, polepole, nisibane bega linalomuuma. Ndi.
Naketi, nawasha gari, nashika gia.

Nyuma yangu uzi unapita kwenye kitambaa
na hanitazami hata kidogo.

"Bado moja," anasema.