Kibonge cha Tano

Saa sita usiku, Šiauliai. Theluji inasugua dirisha.
Kocha Rimgaudas amepanga vibonge vya sukari mezani:
vinne mbele, saba benchi,
kimoja kiganjani, kinaanza kunata.

Warefu anao watano. Nani aliwasajili wote hao?
Yeye mwenyewe, Julai, kwa woga wa ribaundi.
Sasa kikosi kizito kichwani, chembamba kiunoni,
na wa kushika usukani ni wawili tu.

Eimantas, miaka ishirini, huipita ngome kabla haijageuka,
kisha hujikuta pembeni, mpira mkononi, hana wa kumpa.
Mbio za sakafuni.

Tautvydas ana goti linalotabiri baridi.
Hakimbii.
Pasi yake hukufikia kabla hujajua unaitaka.

Jana kijana aliuliza, “Kocha, Ijumaa ni mimi?”
Rimgaudas akakohoa, akapuliza filimbi.

Anaandika: Tautvydas, aanze. Dakika kumi na nne.
Mechi ina arobaini.
Anaitazama hesabu hiyo kitambo,
ile ishirini na sita ambayo hajamwambia mtu.

Kibonge kimekwisha. Analamba vidole,
anazima taa.