Mahali pa Kalenda

Kalenda ya duka la mbolea ilining'inia miaka minne,
mitatu zaidi ya haki yake.
Nilipoitoa, ukutani pakabaki mraba mweupe,
kama ngozi chini ya saa ya mkono.

Hapo ndipo nimeitundika.

Nilinunua kwa Sechelela Ndahani, uani kwake, Makole.
Turubai nane zimeegemezwa kwenye tangi la maji,
kuku anapita mbele yake kama mkaguzi.
Hakunitajia bei. Nilitaja mwenyewe,
nikaona aibu, nikaongeza.
Nusu siku ile, nusu mwisho wa mwezi.

Ni picha ya nini, sijui.
Chini kuna nyekundu, nzito,
nyekundu ya barabara ya Mvumi
lori likishapita na wewe hujawahi kufunga dirisha.
Juu yake manjano iliyokwanguliwa na kitu,
kijiko, labda ukucha.
Halafu samawati, kidogo tu, pembeni,
kama mtu aliyechelewa msibani
akakaa karibu na mlango.

Niliipakata kwenye bajaji.
Dereva akauliza, "Mama, hicho kioo?"
Nikasema ndiyo.
Safari ilikuwa fupi.

Mume wangu aliinama, akainuka,
akavaa miwani, akavua.
"Atakuja kuimalizia lini?"

Kijana wa kusoma mita ya maji alisema pole,
akidhani kuna kitu kimemwagika.

Mama mkwe alikuja kutoka Kongwa na debe la karanga.
Aliitazama mpaka chai ikaweka utando.
"Hili ni shamba la uwele," akasema,
"mwaka ule mvua ilipotukimbia."
Akanyoosha kidole kwenye ile samawati:
"Hapa ndipo tulipokuwa tunaangalia."
Sikumwuliza zaidi.
Nilimmiminia chai nyingine.

Binti yangu, darasa la pili, huzihesabu rangi
kabla ya kuvaa viatu.
Jana tisa. Leo kumi na nne.
Namwambia ahesabu vizuri.
Ananiambia nisimame pale aliposimama yeye.

Mwisho wa mwezi Sechelela akaja kuchukua nusu yake.
Hata kiti hakukikalia.
Aliangalia ukuta, akajishika kiuno, akacheka
kicheko cha mtu aliyeona shati lake
limevaliwa na jirani.
"Nani aliyepigilia msumari?"
"Fundi Masima."
"Basi Masima ameipindua."

Kumbe ardhi yangu ilikuwa anga.
Kumbe mwezi mzima nimekaa kwenye kochi
nikiwa nimesimama kwa kichwa.
Nikavuta stuli niigeuze.
Akanishika mkono.
"Iache. Mimi mwenyewe niliigeuza mara tatu,
na mara zote nilikuwa na uhakika."

Sasa ni Agosti, upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya chumvi.
Siifuti kwa kitambaa.
Nina brashi ya viatu isiyowahi kuonja kiwi.
Naipitisha taratibu, na sina hakika
ninachoondoa ni vumbi la Dodoma au ni nyekundu yake.

Juzi uniti za umeme ziliisha saa tatu usiku.
Nikawasha tochi ya simu kutafuta kiberiti,
mwanga ukaigonga kwa ubavu,
na mikwaruzo yote ya manjano ikatoa vivuli,
vidogo, vingi, vimelala upande mmoja
kama mabua baada ya ng'ombe kupita.
Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu muda wote.
Mume wangu akaita kutoka chumbani, "Umekipata?"
Nikasema bado.

Jambo moja limebaki.
Picha ni ndogo kuliko kalenda kwa vidole viwili.
Upande wa kushoto ule weupe unachungulia,
ukanda mwembamba, safi, usio na kazi.
Mume wangu ameleta nusu kopo la rangi ya ukuta.
Lipo nyuma ya mlango, na brashi juu yake.
Kila Jumamosi ananiuliza,
na kila Jumamosi nina sababu mpya.