Pumba

Mita elfu tano na ushei juu ya bahari
hata kiberiti huona uvivu kuwaka.
Nimevaa mrija wa oksijeni puani,
naketi mbele ya skrini nikingoja joto
la nyuzi mbili na robo tatu.

Nuru kongwe: iling'oa nanga kabla ya nyota yoyote,
imefika imepoa, karibu sawa pande zote.
Karibu. Kazi yetu nzima imo ndani ya neno hilo:
tofauti ya sehemu moja katika laki moja,
kama kumpima mtu uzito
kabla na baada ya kukata kucha.

Na mbele yake, vumbi.
Si hili la Toconao, linaloingia kwenye unga na kwenye ndoa,
bali lile la galaksi yetu,
chembe za mchanga na mkaa, baridi, nazo zinang'aa,
zimelala upande mmoja kwa amri ya sumaku.
Lila na fila havitangamani, husemwa.
Huku vimelala kitanda kimoja.

Mwaka juzi tulidhani tumeipata alama,
ule msokoto mdogo wa miale,
muhuri wa pumzi ya kwanza.
Ramiro Tejerina wa jenereta akachinja mwanakondoo.
Daktari Solveig Aune akalia, akaomba radhi kwa kulia.
Kisha tukapima tena kwa masafa ya juu
na alama, badala ya kufifia, ikanenepa.
Vumbi ndilo hunenepa huko. Nuru kongwe haina tabia hiyo.
Nyama tulikuwa tumeshaila.

Tangu hapo napepeta.
Ramani saba kwa masafa saba:
natoa pumba, natazama kilichobaki,
natoa tena, nikiogopa kutoa na punje.
Bibi yangu Eulogia Puca alinifunza kwa kinoa,
upepo wa saa kumi, mkono mwepesi.
"Ukipepeta kwa hasira," alisema, "utakula upepo."

Julai nikampelekea ramani ya pumba zenyewe,
nimeichapa kwenye karatasi kubwa, kwa mzaha.
"Hizi ndizo takataka zetu, bibi."
Akavaa miwani. Akasogeza mkate.
Kidole chake kikapita juu ya mgongo wa vumbi,
polepole, kikapanda shingo,
kikasimama.

"Huyu ni lama," akasema. "Na huyu mwanawe, ananyonya.
Sisi tulimwona mweusi, nyinyi mmemwona anang'aa.
Sasa mnamtoa mmpeleke wapi?"

Nilikunywa chai yangu yote bila kujibu.

Usiku huu kosa la kipimo limepungua, kidogo tu.
Alama hatuna; tuna mpaka wa kusema haizidi hapa.
Nahifadhi mafaili mawili. Moja linaitwa nuru.
La pili, lililokuwa pumba, nimelibadili jina,
na Solveig ameniandikia kuuliza
LAMA ni kifupisho cha nini.