Ishirini Tatu na Kumi na Tano

Mvua ya Kutaisi haina haraka. Tangu alfajiri
inachora mistari dirishani, nami humu ndani
nachora yangu: grafu ya darasa la pili,
watoto thelathini na mmoja, kila mguso umehifadhiwa,
kila kusita,
hata kidole kilichoelea juu ya kioo
kikasahau kushuka.

Programu niliiandika mimi.
Sauti humtajia mtoto namba masikioni,
naye huiandika kwenye kishikwambi. Basi.
Akipata, nukta ya kijani. Akikosa, nyekundu.
Niliona ni jambo jepesi,
kama kumenya yai.

Lakini mstari ulikataa kunyooka.
Thelathini, kilima. Arobaini, bonde.
Hamsini, kilima. Sitini, watoto wanapumua.
Sabini, mlima, na sekunde zinapanda juu yake
kwa magoti.
Nikaulaumu mtandao. Nikakagua seva usiku kucha,
kahawa ikaota ngozi kwenye kikombe.

Mwalimu Tsiala alikuja na mwavuli unaovuja,
akainama mbele ya kioo, miwani puani,
hakugusa kitu.
"Zisome," akaniambia. "Kwa mdomo."
Nikasoma: sabini na tano.
"Polepole."

Ishirini tatu na kumi na tano.

Ndivyo tunavyohesabu sisi watu wa Jojia.
Sabini kwetu haina jina lake yenyewe,
hukopa ishirini, hukopa na kumi.
Tisini na tisa ni ishirini nne na kumi na tisa.
Nimeyatamka haya tangu meno ya utotoni,
na sikuwahi kuyasikia.

Kisha akauliza, "Na huyu?"
Tsotne, dawati la nyuma karibu na jiko la kuni.
Safu yake nzima ilikuwa nyekundu, surua tupu.
Programu yangu ilikuwa imeshamhukumu:
*kiwango cha chini, arudie.*
Nikafungua alichokiandika, si alama, maandishi yenyewe.
Thelathini na nane: 2018.
Sabini na tano: 6015.
Tisini na tatu: 8013.

Tukanyamaza. Mvua ikaendelea na kazi yake.

Mama yake huuza mayai soko la chini,
huyapanga ishirini, ishirini, ishirini,
na yanayobaki huyaweka pembeni kwenye kikapu.
Mtoto alisikia *ishirini tatu*, akazidisha: sitini.
Akasikia *kumi na tano*, akaiweka pembeni.
Wenzake walikariri. Yeye alikokotoa,
kila mara, kutoka mwanzo, bila kulalamika,
akasimama hatua moja nje ya mlango
kwa sababu hakuna aliyemwambia
kwamba sitini na kumi na tano huingia pamoja.

Kesho yake Tsiala alimpa vipande viwili vya karatasi,
kwenye kimoja 60, kwenye kingine 15.
Akavitazama. Akavibebanisha, kimoja juu ya kingine,
kama mtu apangaye viti baada ya sherehe.
"Kumbe ni hivyo tu?" akauliza.
Karibu alikuwa amekasirika.

Sitasema mashine ilikuwa kipofu.
Bila vile vilima nisingeuliza,
na Tsiala, mwenye madarasa manne na kifua kibovu,
asingemfikia Tsotne kabla ya theluji.
Vilima vilituonyesha penye kuchimba.
Jembe lilikuwa sikio.

Sasa ni Ijumaa, ripoti inatakiwa Tbilisi.
Safu ya Tsotne bado inawaka, alama hazibadiliki
muhula ukishafungwa. Ila chini kabisa
pana kisanduku cha maoni, na Tsiala anaandika
kwa kidole kimoja, midomo ikimfuata:

*Mtoto huyu hakosi hesabu. Anafanya mbili pale tunapomtaka afanye moja. Tafadhali msimrudishe darasa, kwa sababu an*

Kisanduku kimejaa.
Ananigeukia.
Kikomo cha herufi
nilikiweka mimi.